Taa ya Chumba cha Betri

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huipanga kazi yake kwa kutazama mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupandishwa mchangani, mafundi huziba nyufa, na vijana hupata usingizi wa usiku. Giza likiingia, mialo ya Musoma huamka. Kamunyonge, Makoko, Mwigobero, kote jioni utasikia injini zikijaribiwa, na ikifika saa mbili usiku ukitazama ziwani unaona taa zimetapakaa hadi macho yanapoishia. Dagaa huifuata taa, wavu hupita chini yao, na kukicha ufuko unameremeta kwa dagaa walioanikwa.

Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Kila mtumbwi ulibeba karabai zake na dumu la mafuta ya taa, na fungu kubwa la mapato ya usiku liliishia kwenye dumu hilo. Kisha zikaja taa za LED zinazotumia betri. Mwaka 2008, upande wa Kenya, kampuni ya Osram ilianzisha Mbita kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua, ambako wavuvi walikodi taa na betri zilizojaa. Kwetu Tanzania watafiti walizipeleka LED ziwani wakazijaribu pamoja na wavuvi wenyewe, na baada ya hapo biashara ikaendelea bila kungoja mradi wa mtu. Siku hizi betri ya gari au ya pikipiki imeingia katika orodha ya zana za uvuvi, na tajiri wa mtumbwi huihesabu pamoja na nyavu na injini.

Nafurahia mabadiliko haya. Nimeona watoto walioungua kwa karabai iliyolipuka, na sitaki kurudi huko. Lakini kwa kila taa inayowaka ziwani kwa betri, ipo nyumba nchi kavu ambamo betri hiyo ililala mchana kutwa ikichajiwa, ikichemka, ikitoa hidrojeni. Ni gesi ileile ambayo mataifa makubwa yanajenga mitambo ya mabilioni ili yaitumie kama mafuta. Kwetu inatoka bure, ndani ya chumba cha bati, na watu wengi wanaoishi nayo hawajui kwamba ipo. Mimi ni fundi umeme. Vyumba vya betri ndivyo vilivyonilea na ndivyo vinavyonilisha. Ninachotaka kukieleza hapa ni mahali pa kuweka taa ya chumba hicho, kwa sababu karibu kila mahali nilipopita nimeikuta mahali pabaya kuliko pote.

Miaka ya 1990 baba yangu mdogo alikuwa na kibanda cha kuchaji betri Kamunyonge. Visiwani hakukuwa na umeme, kwa hiyo betri zilikuja mjini kwa mitumbwi: za redio, za mabanda ya video, za taa za zahanati. Siku ya soko zilipangwa kwenye benchi la mbao safu nzima, zimeungwa moja kwa nyingine kwa nyaya nene, na mwisho wa safu ilikaa chaja kubwa ya chuma iliyokuwa ikivuma mchana kutwa. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuvifungua vifuniko, kusafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi mpaka ule ukungu wa kijani uishe, na kuongeza maji pale yalipopungua. Suruali zangu zote zilikuwa na matundu madogo magotini. Tindikali haiachi nguo salama hata ukiwa mwangalifu namna gani.

Jambo lililonivutia sana lilikuwa sauti. Betri ikikaribia kujaa huanza kuimba: mapovu madogo yanapanda katika kila seli, mwanzo moja moja, kisha mfululizo, mpaka benchi zima linasikika likichemka kwa chini. Mteja akiisikia alifurahi, maana aliamini betri yake imeiva. Ukiinamisha pua ulipata harufu kali inayochoma koo, na sote tulidhani hiyo ndiyo gesi. Kumbe ile ilikuwa mvuke wa tindikali. Hidrojeni yenyewe haina harufu, haina rangi, haina ladha.

Kinachotokea pale si kigumu kukieleza. Umeme unapoingia katika betri ya risasi na tindikali, kwanza unafanya kazi ya kuijaza. Volti ikifika kama 2.4 kwa kila seli, yaani 14.4 kwa betri ya volti 12, sehemu ya umeme inakosa kazi ya kufanya na huanza kuyapasua maji: oksijeni upande mmoja, hidrojeni upande mwingine. Betri ikishajaa kabisa na chaja ikaendelea kusukuma, umeme wote unakwenda huko. Kila ampea kumi zinazopita kwa saa moja katika betri ya seli 6 iliyojaa huzaa lita 25 hivi za hidrojeni. Weka betri kumi za namna hiyo kwenye benchi na una lita 250 kwa saa. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, kina lita 22,500 za hewa. Kwa hesabu hiyo, kikifungwa barabara, kinafika asilimia 4 ya hidrojeni kabla ya saa nne kwisha. Asilimia 4 ndipo gesi hii inapoanza kukubali moto. Na haikatai tena mpaka ifike asilimia 75.

Hapo nimehesabu kana kwamba gesi imetawanyika sawasawa chumbani. Haifanyi hivyo. Hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14. Ikitoka kwenye betri inapanda moja kwa moja hadi kwenye bati, na kama paa halina pa kuitolea hujikusanya kwenye kona ya juu ya kenchi. Basi huko juu panaweza kuwa hatari mapema sana, wakati wewe uliyesimama chini unapumua hewa safi.

Na huko juu ndiko tunakotundika balbu.

Tabia hii ina sababu yake, tena ni sababu nzuri. Watu wa mialo wanaifahamu petroli. Kila mwenye injini ana madumu yake ndani, na kila familia ina habari ya nyumba iliyoungua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unaingia shimoni. Kwa hiyo wazee wetu walifundisha kwamba penye petroli usiweke kibatari chini. Taa ikae juu, mbali na dumu. Walisema kweli, na mafundisho yao yameokoa watu. Umeme ulipofika, balbu ikapelekwa juu kwa mazoea hayohayo. Kisha madumu ya petroli yakatoka katika chumba kile, zikaingia betri, na taa ikabaki palepale darini, sasa katikati ya gesi. Ukitaka kumshawishi fundi aishushe unabishana na urithi wa hekima, na ndiyo maana nimejifunza kutomdharau anayenibishia.

Baba mdogo alikuwa na balbu moja iliyoning'inia kwa waya katikati ya kibanda, na swichi ya ukutani karibu na mlango, juu kidogo ya bega. Swichi ya kawaida hutoa cheche kila inapobonyezwa. Ukizima taa zote usiku ukaibonyeza taratibu, unaweza kuiona ikimulika ndani ya plastiki. Kibanda kile hakikulipuka kwa swichi wala kwa balbu, na nadhani najua kwa nini: mbao zake zilikuwa na nafasi, na upepo wa ziwa ulipita humo usiku na mchana. Hewa ilitulinda pasipo sisi kujua tulilindwa na nini.

Ajali ilitokea kwenye banda jingine la betri, mwendo mfupi kutoka kwetu, jioni ambayo umeme ulikuwa umekatika. Kijana mmoja mvuvi alikuja kuchukua betri ya tajiri wake. Alitaka kuhakikisha imetiwa maji ya kutosha, na ndani palikuwa giza. Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akakiwasha, akainama juu ya tundu la seli kutazama.

Tulisikia mlio mmoja mkavu. Nilipofika pamoja na baba mdogo, upande mmoja wa betri ulikuwa umepasuka na kifuniko chake cha juu hakikuonekana. Kijana alikuwa amepiga magoti, mikono usoni, anaita mama yake. Baba mdogo hakuuliza lolote. Alimshika kisogoni, akamwinamisha kwenye pipa la maji, akaniamuru nichote na kumwaga, nichote na kumwaga, yeye akiyatanua macho yake kwa vidole kwa nguvu ingawa kijana alikuwa akipigana naye. Wakubwa walisema apelekwe hospitali upesi. "Atakwenda," alisema, "lakini maji kwanza." Tulimwaga maji muda mrefu mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Jicho moja lilipona kabisa. La pili lilibaki na ukungu.

Niliyajua baadaye, nilipoanza kusoma ufundi, mambo ambayo baba mdogo aliyajua kwa mikono tu. Tindikali machoni haingoji gari. Maji mengi safi, yakitiririka dakika 20 au zaidi, ndiyo tiba ya kwanza, na hospitali inafuata. Nilijua pia kwamba kiberiti kilikuwa kikubwa kupita kiasi kwa kazi ile. Hidrojeni huwashwa na cheche yenye nguvu ya milijuli 0.02 tu, karibu sehemu moja ya kumi ya ile inayohitajika kuwasha mvuke wa petroli. Cheche inayoruka kutoka kwenye fulana ya nailoni ukiivua huwa na nguvu kuliko hiyo. Ipo cheche ambayo kidole hakiisikii na jicho haliioni, na kwa hidrojeni inatosha.

Baada ya siku ile baba mdogo alibadilisha kibanda chake. Aliing'oa balbu na swichi yake pia. Upande wa kusini palikuwa na dirisha dogo. Alilitia kioo, akakipaka kingo zote lami ili gesi isipenye, kisha akafunga taa nje ya kioo, chini ya kijibati cha kuzuia mvua, ikimulika ndani. Swichi ikahamia nje, kwenye nguzo, mbali na mlango. Usiku benchi lilionekana vizuri kabisa, na ndani ya kibanda hapakuwa na waya wa taa hata mmoja. Watu walidhani ameweka taa nje kwa ajili ya wezi.

Sidhani kuna mtu aliyemfundisha. Wazo lenyewe ni la zamani: katika meli za kivita za mbao, kama HMS Victory ya Uingereza, ghala la baruti lilimulikwa kwa taa zilizokaa katika chumba cha pembeni, nyuma ya kioo, ili moto na baruti visikutane kamwe. Fundi wa Kamunyonge alifika kwenye jibu hilohilo kwa kumwosha kijana macho.

Miaka ilipita, nikapata kazi ya kutunza betri za minara ya simu, na huko nikakutana na taa ambazo sikuwa nimewahi kuziona. Nzito, za aluminiamu iliyosubiwa, kioo kinene, bolti nyingi kuzunguka ukingo. Mkufunzi wetu alitupa moja tuifungue, na tulishangaa kwamba haina raba ya kuzuia hewa kwenye ukingo ule wa chuma. Gesi inaingia, alituambia, hakuna anayeizuia. Taa hii imejengwa kwa kukubali kwamba siku moja gesi itaingia na italipuka humo ndani. Kazi ya gamba ni kuustahimili mlipuko huo bila kupasuka, na kazi ya ule ukingo mpana wa chuma kwa chuma ni kuupoza moto unaojipenyeza nje, ili ukifika kwenye hewa ya chumba uwe umekwisha nguvu.

Hapo ndipo upekee wa hidrojeni ulipoingia akilini mwangu. Moto wa propani, ambayo ni jamaa wa gesi ya mitungi ya kupikia, hauwezi kupita kwenye upenyo mwembamba chini ya milimita 0.92. Moto wa hidrojeni unapita mpaka upenyo upungue kufika milimita 0.29. Kwa hiyo mashirika ya viwango yameyagawa mazingira ya gesi katika makundi: IIA, ambamo wamo propani na petroli, IIB, na IIC, kundi kali kuliko yote, ambalo lina hidrojeni na asetilini ya mafundi wa kuchomelea. Alama hiyo imepigwa kwenye kibati cha kila taa ya namna hii. Nimewahi kuonyeshwa kwa fahari chumba kipya cha betri chenye taa za bei kubwa, za aina ileile inayofungwa kwenye vituo vya mafuta, na kibatini zimeandikwa IIA. Mwenye chumba alikuwa ametumia fedha nyingi kununua ulinzi dhidi ya gesi ambayo hana.

Na LED? Naulizwa kila mara. LED haina uzi unaowaka kama balbu ya zamani, na joto lake ni dogo, hilo ni kweli. Lakini nyuma yake kuna saketi, kuna soketi inayoweza kulegea, kuna waya uliounganishwa kwa mkono na kufungwa selotepu. Cheche haitoki kwenye mwanga. Kwa hidrojeni hata joto la taa si tishio la kwanza, kwa kuwa inahitaji zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi ili iwake kwa joto peke yake. Tishio ni mguso wa umeme unaokatika au kuungana, na wa kwanza kabisa katika kibanda chochote cha betri ni vile vibanio vya chaja. Mtu akivichomoa chaja ikiwa bado inavuma, cheche inaruka juu kidogo tu ya matundu yanayotoa mapovu. Zima chaja kwanza, acha betri itulie, ndipo uguse kibanio. Hili halihitaji senti.

Betri na cheche zimetuumiza nchini kwa njia nyingine pia. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli. Zaidi ya watu 100 walifariki. Miongoni mwa yaliyosimuliwa na walioshuhudia ni kwamba moto ulianza mtu alipokuwa akiing'oa betri ya lori. Sijapata kulisahau hilo, kwa sababu mikono yangu imeng'oa betri nyingi.

Ningependa msomaji asiondoke akidhani kwamba jawabu ni kununua taa yenye alama sahihi. Mwaka 1812 mgodi wa makaa wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka ukaua watu 92, wengine watoto. Miaka mitatu baadaye Humphry Davy akatengeneza taa ya wachimbaji iliyozungushiwa wavu mwembamba wa waya unaoupoza moto usitoke nje. Ilikuwa kazi kubwa ya akili. Lakini wenye migodi, wakiwa na taa hiyo mkononi, walirudi kuchimba mahali palipokuwa pameachwa kwa wingi wa gesi, na kwa miaka mingi wachimbaji waliendelea kufa. Ujasiri uliotokana na taa ulikula faida ya taa. Walichokihitaji zaidi kilikuwa hewa.

Naikumbuka habari hiyo ninaposoma mipango ya hidrojeni inayotuzunguka. Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani mwaka 2023. Oman, ambako wapo watu wanaozungumza Kiswahili hadi leo, iliunda kampuni ya Hydrom mwaka 2022 ili kugawa ardhi ya jangwani kwa mitambo ya kuzalisha hidrojeni hiyo. Vijana wa Afrika Mashariki watafanya kazi huko, na baadhi watakwenda wakiwa wamejifunzia umeme kwenye vibanda kama vya kwetu. Watakuta taa za IIC, vitambuzi vya gesi darini, na vitambuzi vya moto pia, maana moto wa hidrojeni mchana hauonekani kwa macho; wafanyakazi wa NASA waliwahi kutembea na fagio la nyasi limetangulizwa mbele, na likiwaka ghafla ndipo walijua wamefika penye moto. Watakuta paa zilizojengwa kwa mteremko unaoiongoza gesi hadi kwenye tundu la juu kabisa. Mengi ya hayo yatakuwa mageni, lakini fundi aliyekwisha kuuliza katika chumba kidogo gesi yangu inakwenda wapi, na cheche yangu iko wapi, atayaelewa siku ya kwanza.

Hapa nyumbani chumba kigumu kwangu kukibadilisha ni kile kinachofungwa kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo ni ya haki. Betri huibwa. Risasi yake inauzwa kwa kilo, na mvuvi aliyeibiwa betri usiku wa giza amepoteza zaidi ya betri. Kwa hiyo watu huziba madirisha kwa tofali, hupiga dari ya jipsamu ili mwizi asishukie paani, huweka mlango wa chuma. Kila hatua inayomzuia mwizi inaifungia gesi humo ndani. Nyumba za zamani za udongo, zilizoachwa wazi kati ya ukuta na paa, zilikuwa salama zaidi kwa betri kuliko chumba cha kisasa kilichopigwa lipu vizuri.

Hivi karibuni kikundi cha wenye mitumbwi wa Kamunyonge, pamoja na akina mama wanaonunua na kuanika dagaa, waliniita kwenye kiwanja wanapojenga chumba chao cha pamoja cha kuchajia. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Mita tatu kwa tatu, nafasi ya betri kumi. Niliwafanyia ile hesabu ya lita 250 kwa saa, safari hii kwa kuchora mchangani. Ili gesi isifike hata sehemu ya tano ya kiwango cha hatari, chumba kinahitaji hewa mpya kama mita za ujazo 31 kila saa. Upepo mdogo kabisa, wa sentimita 10 kwa sekunde, unaleta hewa hiyo kupitia tundu la sentimita 30 kwa 30. Matundu mawili: moja chini ya ukuta unaotazama ziwa, jingine juu kabisa ya ukuta wa pili, lishikane na bati, bila dari.

"Na mwizi akipitisha mkono?" aliuliza mama mmoja, na nilifurahi kwamba ndiye aliyeuliza, kwa sababu fedha zilizonunua saruji nyingi zilikuwa zao.

"Nondo, mama. Tutachomelea nondo kabla ya kujenga, ziingie ndani ya ukuta pande zote. Mkono utapita, betri haitapita."

Mzee mmoja, mwenye injini nyingi kuliko wote, aliniuliza bei ya taa zile nzito alizoziona kiwandani. Nilimtajia. Akanyamaza, nikamwambia: "Mzee, hatuzihitaji. Taa itakaa nje, nyuma ya kioo, na swichi nje pamoja nayo. Chaja nayo tuitenge upande ule, ukuta katikati, nyaya tu ndizo zipite." Aliniomba nirudie maneno ya chaja, kisha akamwita fundi mwashi aje asikie mwenyewe, maana ukuta huo haukuwa kwenye mchoro.

Tulibaki na mjadala wa feni. Mwenyekiti alitaka feni ya kuvuta hewa kutoka kwenye lile tundu la juu, kama jikoni mwa hoteli. Feni hiyo ingeipitisha gesi yote kwenye mota, na baadhi ya mota za bei nafuu zina brashi zinazotoa cheche zinapozunguka. Nikasema kama ni lazima iwepo basi ikae chini, upande wa ziwa, isukume hewa safi ndani, na gesi itoke juu kwa njia yake. Walikubaliana waanze na matundu peke yake, wapime upepo katika miezi ya utulivu, ndipo waamue. Mchomeleaji anakuja Jumatatu na nondo za milimita 12.